Gari jipya: sevisi ya kwanza ifanyike lini

Karibu kila wiki simu inalia gereji na mtu ananiuliza, "Fundi, gari nimelitoa juzi, sevisi ya kwanza nilete lini?" Kabla sijajibu nami huuliza: umelitoa wapi? Wateja wawili wanaweza kunipigia asubuhi moja, wote wana gari la namba E linalong'aa, wote wanasema wamenunua gari jipya. Mmoja kalichukua sho-rumu likiwa na kilomita 12. Mwingine kalitoa bandarini, limetoka Japani, na dashibodi inasoma kilomita 78,000. Wa kwanza ana muda wa kupanga. Wa pili namwambia asilipeleke kokote zaidi ya gereji.

Mimi ni fundi, kazi yangu iko Tabata hapa Dar es Salaam. Ninazozishika sana ni Toyota ndogo, yaani IST, Vitz, Passo na Raum, kisha Noah, Harrier na Prado. Nissan na Subaru zikija napokea. Nimeamua kuandika haya kwa sababu sevisi ya kwanza ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Mtu anajinyima miaka mingi anunue gari, halafu mwezi wa kwanza tu anamwachia yeyote mwenye spana amwage oili na kujaza anachokijua. Inaniuma kuona injini nzuri inaanza maisha yake hapa nchini kwa namna hiyo, wakati kuizuia hali hiyo ni kazi ya jioni moja ya kusoma na kupanga.

Aliyechukua gari sho-rumu

Fungua kabati la mbele ya abiria, toa kitabu cha gari na kile kidogo cha sevisi. Kitabu hicho kiamini kuliko mimi, na kuliko jirani yako mwenye gari kama lako. Ndani kuna jedwali lenye vipimo viwili, kilomita na miezi, na kinachotangulia kutimia ndicho kinachoamua. Wengi wanasoma kilomita peke yake na kuiacha miezi, na hapo ndipo gari linalotembea kidogo linapoumia.

Huku kwetu mawakala wengi hutaka gari lirudi kwenye kilomita 1,000 au baada ya mwezi mmoja kwa ukaguzi, halafu sevisi ya kumwaga oili ifanyike kwenye kilomita 5,000 au miezi 6. Yapo magari ambayo kitabu chake kinasema kilomita 10,000 au mwaka mmoja. Fuata la kwako, na hakikisha kitabu ni cha soko letu. Mteja wangu mmoja alikuwa na ndugu yake Marekani aliyemwambia Toyota yake inakwenda maili 10,000 ndipo anabadilisha oili. Ni kweli, Toyota ya kule inayotumia oili ya sintetiki ya 0W-20 (namba hiyo ni kipimo cha wepesi au uzito wa oili) imeruhusiwa hivyo, maili 10,000 au miezi 12. Lakini kitabu hichohicho cha Marekani kinasema anayepita barabara za vumbi, anayebeba mizigo mizito au anayekaa sana kwenye mwendo wa polepole, kama dereva wa teksi, abadilishe kwenye maili 5,000 au miezi 6. Sasa niambie nani kati yetu hayumo kwenye orodha hiyo.

Ukaguzi wa kilomita 1,000 watu wanaudharau kwa sababu mara nyingi oili haimwagwi, na mtu anaona anapoteza nusu siku bure. Usiuruke. Gari limetoka kiwandani, likasafiri kwa meli, likashushwa, likaendeshwa kwenye yadi, kisha likaanza kutikiswa na matuta yetu. Fundi wa wakala anakaza nati za magurudumu na bolti za chini, anaangalia kama kuna mahali panavuja, anapima kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ambayo huenda imeshuka baada ya hewa kutoka kwenye mfumo, anaangalia mkanda wa injini, breki na upepo wa matairi. La muhimu zaidi, kama umesikia mlio, mtetemo, au usukani unavuta upande mmoja, siku hiyo ndiyo ya kulisema na kuhakikisha limeandikwa. Kasoro iliyoandikwa kwenye kilomita 1,000 hakuna atakayekuambia umeisababisha wewe.

Hizo kilomita 1,000 zenyewe nazo zina masharti. Ringi za pistoni na kuta za silinda bado zinazoeana, pedi za breki bado hazijakaa sawasawa kwenye diski zake. Vitabu vya Toyota vinaeleza wazi: kilomita 300 za kwanza epuka kukanyaga breki za ghafla, kilomita 800 za kwanza usivute tela, na mpaka 1,000 usikimbize sana, usikanyage mafuta kwa ghafla, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho ndilo watu hawalijui. Mtu anachukua gari Jumamosi, Jumapili anakwenda nalo Mbeya, zaidi ya kilomita 800, mguu umeganda kwenye spidi ileile kuanzia Chalinze. Kama safari haiepukiki, badilisha mwendo njiani: panda kidogo, shuka kidogo, pumzika Morogoro, pumzika Iringa.

Katika kipindi hicho pima oili mwenyewe mara kwa mara. Simamisha gari mahali tambarare injini ikiwa imepata moto, zima, subiri dakika 5, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Injini mpya inaweza kula oili kidogo mwanzoni na hilo halitishi. Toyota wenyewe wanaweka kikomo cha lita 1 kwa kila kilomita 1,000, ambacho ni kingi, na gari zima halifiki huko. Ukiona kijiti kinashuka wiki hadi wiki, rudi kwa wakala.

Wapo wanaotaka kumwaga oili ya kiwandani kwenye kilomita 500 au 1,000 kwa sababu wamesikia ina vumbi la chuma. Injini za siku hizi zimechongwa vizuri kuliko za zamani na filta inakamata kilichopo, kwa hiyo kama kitabu hakikuagiza, si lazima. Ukitaka kufanya kwa moyo wako sikuzuii, mradi oili iwe ya aina ileile iliyoandikwa na risiti ibaki. Kibaya ni kumwaga oili sahihi na kuweka isiyo sahihi kwa nia njema.

Foleni inakula oili wakati kilomita zimelala

Hili ndilo ningependa ulibebe hata ukisahau mengine. Odomita inahesabu mwendo wa magurudumu, ila oili inachakaa kwa saa ambazo injini imewaka. Piga hesabu. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kama mtu anayekwenda Dodoma na kurudi, ni kama saa 62 za injini. Kilomita 5,000 zilezile kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, ambao kwa anayetoka Mbagala kwenda Posta asubuhi ni mwendo wa kushukuru, ni saa 250. Injini imefanya kazi mara nne, tena ikiwa imesimama kwenye joto, hewa ya kupoza ikitoka kwenye feni tu.

Safari fupi nazo zina madhara yake. Injini ikiwashwa asubuhi, petroli kidogo isiyoungua hupenya pembeni ya ringi ikaingia kwenye oili, na unyevu hujikusanya ndani. Injini ikipata moto kwa muda wa kutosha, vyote viwili hugeuka mvuke vikatoka. Ukiwasha kumpeleka mtoto shule mtaa wa pili na kuzima, havitoki. Vinabaki, oili inakuwa nyepesi, viungo vyake vya kusafisha na kuzuia kutu vinakwisha, na baada ya muda unafungua mfuniko wa oili unakuta tope jeusi limeganda. Gari la aina hiyo linaweza kuwa na kilomita chache sana na injini chafu kuliko teksi.

Kwa hiyo ukisoma jedwali la sevisi, tafuta ukurasa wa matumizi magumu. Karibu kila mtengenezaji anao: barabara za vumbi, foleni, safari fupi za kurudiarudia, mizigo mizito, kuvuta tela. Hapo vipindi hupunguzwa, mara nyingi kwa nusu. Kama kitabu chako kinasema 10,000 kwa matumizi ya kawaida nawe unaishi Goba na barabara yenu bado ni ya vumbi, hesabu 5,000.

Kupanga tarehe yenyewe

Siku unayochukua gari andika kilomita na tarehe kwenye simu. Endesha wiki mbili kama kawaida yako, kisha angalia umetembea ngapi. Mama mmoja mwalimu anayetoka Kibaha kila siku kuja mjini anatembea kama kilomita 80 kwa siku, 400 kwa wiki ya kazi. Ukaguzi wake wa 1,000 unaangukia wiki ya tatu, na sevisi ya 5,000 inamfikia mwezi wa tatu, mapema kabisa kabla ya miezi 6. Yeye kilomita zinamtangulia. Mzee mmoja mstaafu wa Mbezi Beach anakwenda kanisani, sokoni na kwa wajukuu, kilomita 60 kwa wiki. Baada ya miezi 6 hajafikisha hata 1,600. Huyu mwezi unamtangulia, na akisubiri 5,000 atakaa zaidi ya mwaka na nusu na oili ileile, katika mji wenye unyevu wa bahari.

Ukishajua kipi kinakutangulia, weka kikumbusho kilomita 300 kabla, au wiki mbili kabla kama ni tarehe. Piga simu uombe nafasi siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Jumamosi gereji zote zimejaa na fundi ana magari matano yanayomsubiri, macho yake hayawezi kukaa kwenye la kwako. Ukipitisha kwa kilomita mia mbili tatu hakuna kinachokufa. Ukipitisha kwa 3,000 umeiumiza injini, na wakala naye amepata sababu ya kukubishia waranti.

Kuhusu waranti, soma masharti na uyafuate kama yalivyo mpaka muda wake uishe. Kila sevisi kitabu kigongwe muhuri, kiandikwe kilomita na tarehe, na risiti ya EFD iwekwe kwenye bahasha moja na kitabu. Kama sharti ni sevisi ifanyike kwa wakala, usije kwangu Tabata kwa sababu mimi ni rahisi. Nasema hivi nikiwa na gereji yangu. Njoo waranti ikiisha, utanikuta. Na kabla hujaondoka kwa wakala uliza wamebadilisha nini hasa, oili ya namba gani, na omba wazime kikumbusho cha sevisi chenye alama ya spana kwenye dashibodi kianze kuhesabu upya.

Aliyetoa gari bandarini

Hapa ndipo walipo wengi wetu, na jibu langu ni fupi: sevisi ya kwanza ni kabla hujaanza kulitumia. Usisubiri 5,000, usisubiri mwisho wa mwezi, usiende kwanza kuwaonyesha wazazi Moshi.

Fikiria gari hilo limepitia nini. Japani gari la familia hupitishwa ukaguzi wa serikali miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya, na baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi huo unagharimu. Wengi huuza gari ukaguzi unapokaribia ili wasiulipie, kwa hiyo matengenezo ya mwisho yanaweza kuwa ya zamani. Baada ya hapo limekaa kwenye yadi ya mnada, likakaa bandarini kule, wiki kadhaa baharini, likakaa bandarini kwetu ushuru ukishughulikiwa, pengine na yadi ya muuzaji miezi mingine. Muda wote huo oili iko ndani inazeeka, betri inashuka, matairi yamesimama sehemu moja.

Kuna stika ndogo inayoweza kukusaidia. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, au fungua boneti uangalie pembeni. Gereji za Japani hubandika hapo tarehe na kilomita za oili ya mwisho. Maandishi huyajui lakini namba unazisoma. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao ya enzi: enzi ya sasa, Reiwa, ilianza 2019, kwa hiyo ongeza 2018 kwenye namba unayoiona. Mwaka wa 3 ni 2021, mwaka wa 5 ni 2023. Enzi iliyotangulia, Heisei, unaongeza 1988, hivyo mwaka wa 30 ni 2018. Kilomita za kwenye stika zilinganishe na za dashibodi. Stika ikisema 92,000 na dashibodi ikasoma 78,000, una jambo la kumuuliza aliyekuuzia. Ila hata stika ikiwa nzuri na ya karibuni, haikuondolei sevisi.

Siku hiyo gereji tunaanza na oili ya injini na filta yake, bila mjadala. Filta ya hewa inatolewa na kutazamwa kwenye mwanga. Filta ya hewa ya ndani, ile iliyo nyuma ya kabati la abiria, watu wengi hawajui kama ipo. Ukiifungua kwenye gari la Japani unakuta majani makavu na vumbi jeusi, na mtu amekuwa analalamika kiyoyozi hakipulizi. Plagi nazitoa na kuzisoma. Za iridiamu zinafika kilomita 100,000, kwa hiyo gari la 78,000 zinaweza kuwa nzima, na kama ni nzima narudisha. Betri inapimwa ikiwa inatoa umeme. Pedi za breki zinapimwa unene. Oili ya breki naishauri ibadilishwe, kwa sababu inavuta unyevu kutoka hewani na miaka 2 ndiyo umri wake wa kawaida. Ikishika maji, siku unashuka mlima mrefu breki zikapata moto, maji hayo yanachemka na pedali inazama.

Matairi yana tarehe yake ubavuni, tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu kabisa na likawa limezeeka, ubavu una nyufa ndogondogo. Hilo kwa matembezi ya mtaani linakuvumilia, kwa mchana wa jua kali kati ya Chalinze na Segera halikuvumilii. Upepo soma kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kukisia.

Kulanti usiruhusu imwagwe na kujazwa maji ya bomba, na maji ya kisima ndiyo kabisa, maana visima vingi vya Dar vina chumvi. Nimefungua rejeta za magari yasiyofika mwaka nchini, ndani zimekuwa kahawia kwa kutu, pampu ya maji imeliwa. Kulanti ya Toyota ya rangi ya waridi inakaa muda mrefu sana. Ile nyekundu ya zamani ni miaka 2. Kama imepungua kidogo na rangi ni safi, ongeza ya aina hiyohiyo. Kama imechafuka, osha mfumo ujaze mpya.

Gia boksi ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. IST za mwanzo zina gia boksi ya kawaida ya otomatiki. Vitz nyingi za kuanzia 2005 na IST za toleo la pili, lililoanza 2007, zina CVT, ile isiyo na hatua za gia. CVT ina mafuta yake peke yake. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana TC na FE. Haidroliki ya kawaida nyekundu, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki, ikiingia humo, mkanda wa chuma wa ndani unaanza kuteleza, gari linatetemeka likipanda, na baada ya hapo unanunua gia boksi. Kabla fundi hajafungua chochote mwambie akuonyeshe ni ya aina gani na chupa ya mafuta anayotaka kuweka. Kama mafuta yaliyomo ni meusi na yananuka kuungua, sipendi kuyasukuma yote kwa mashine kwa mara moja. Namwaga yanayotoka, najaza kiasi hichohicho, gari linatembea wiki chache, narudia.

Mwisho kwenye orodha hii ni mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni, na hauhusu kila gari. Injini za 1NZ za IST na Raum, za 1KR za Passo na za 2AZ za Harrier zinatumia cheni, hazina mkanda wa kubadilisha. Lakini Mark II za 1G, Noah za zamani za 3S, Harrier za V6 za 1MZ, Prado za dizeli za 1KZ na 1KD, na Subaru Forester na Impreza za injini ya EJ20, hizo zina mkanda. Desturi ya Japani ni kuubadilisha kwenye kilomita 100,000 au miaka 10. Kama gari lako lina mkanda, limekaribia hapo na hakuna karatasi wala stika inayoonyesha ulibadilishwa, ubadilishe kwenye sevisi hii ya kwanza pamoja na pampu ya maji, kwani kazi ya kuifikia ni ileile. Mkanda ukikatika injini inazima ukiwa barabarani, na kwenye dizeli kama 1KD valvu zinagongana na pistoni.

Wenye Aqua na Prius waongeze jambo moja: kuna tundu la hewa pembeni au chini ya kiti cha nyuma linalopoza betri kubwa. Linaziba kwa vumbi na nywele. Lisafishwe siku hiyo, na usizibe tundu hilo kwa mizigo.

Oili gani, na kiasi gani

Fungua boneti usome mfuniko wa oili. Mara nyingi umeandikwa 0W-20 au 5W-30. Kama haukuandikwa, kitabu kinasema. 20W-50 inauzwa kila kituo cha mafuta na ni ya bei nafuu, lakini ni nzito kwa injini hizi. Njia za oili kwenye injini za VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, ni nyembamba, na oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi unapowasha. Gari lenye kilomita nyingi linaloanza kula oili naweza kulipandisha kutoka 0W-20 kwenda 5W-30, baada ya kusoma kitabu. Kulirusha mpaka 20W-50 kwa sababu "huku kuna joto" sikubali.

Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta. Galoni ya lita 4 inabakiza kidogo, na kile kilichobaki ni chako, ondoka nacho kwenye buti. Nimeona galoni ya lita 5 ikimiminwa yote kwa sababu mteja ameinunua. Oili ikizidi inapigwa na mhimili wa injini, inatoa povu, na povu halilainishi kitu. 1KD ya Prado yenyewe inakaribia lita 7, kwa hiyo uliza kabla hujanunua.

Nunua kwa wakala wa oili anayejulikana, galoni ifunguliwe mbele yako, na kaa uangalie. Si kumdharau fundi. Fundi mzuri hapendi kufanya kazi mteja akiwa hayupo. Mwambie aweke washa mpya (ringi ya kuzuia kuvuja) kwenye bolti ya kumwagia na aikaze kwa mkono wa kawaida, asirukie juu ya spana, maana nyuzi za sampu ya aluminiamu, bakuli la oili chini ya injini, zikikatika unatafuta sampu nyingine. Filta nayo inakazwa kwa mkono. Injini iwashwe dakika chache, izimwe, mtazame chini wote wawili kama kuna tone, kisha mpime kijiti.

Baada ya hapo, kwa gari la bandarini, sevisi ya pili naiweka karibu: kilomita 3,000. Oili mpya inaosha uchafu wa zamani na kuubeba, unauona inavyotoka nyeusi mapema. Ukishaimwaga hiyo, ingia kwenye ratiba ya kila 5,000 au miezi 6 kama wenzako.

Kama gari umelipata kuelekea Desemba na unakusudia kwenda nalo nyumbani kwa Krismasi, lilete gereji mwanzoni mwa mwezi, si tarehe 22. Tarehe hizo kuanzia Ubungo mpaka Tegeta kila gereji ina foleni ya watu wa Moshi na Arusha, na bei ya vipuri kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani inapanda. Likishafanyiwa sevisi, litumie mjini siku saba mpaka kumi. Kila asubuhi kabla hujawasha, inama uangalie chini kama kuna doa jipya la oili, la maji au la haidroliki, na fungua boneti usome kijiti na kidumu cha kulanti. Likipita siku hizo likiwa kavu chini na vipimo havijashuka, jaza upepo kulingana na mzigo wa safari, hakikisha jeki na spana ya magurudumu vipo, na tairi la akiba lina upepo.